Luxemburg: lugha gani kwa kazi gani

Anayehamia Luxemburg husikia kwamba nchi ina lugha 3, Kiluxemburg, Kifaransa na Kijerumani, akadhani yoyote kati yake itamfaa popote. Sivyo. Kila moja ina kazi yake, na kazi hizo zimepangwa na sheria ya tarehe 24 Februari 1984.

Kiluxemburg ndiyo lugha ya taifa. Sheria zenyewe huandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo mkibishana juu ya kifungu, fungueni maandishi ya Kifaransa, tafsiri haitawaamulia. Ofisini na mahakamani zote 3 zinaruhusiwa, Kijerumani kikiwamo. Kireno, ingawa wasemaji wake ni wengi sana nchini, hakimo.

Ukiandikia ofisi ya serikali, chagua lugha moja tangu mstari wa kwanza. Sheria inaitaka ofisi ikujibu kwa lugha uliyoandikia, “kadiri inavyowezekana”. Maneno hayo yapime vizuri: unaweza kuandika kwa Kiluxemburg ukajibiwa kwa Kifaransa. Ukichanganya lugha mbili, umemwachia karani akuchagulie. Cheti cha lugha nyingine kinaweza kudaiwa tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa, basi uliza kabla hujapeleka faili.

Uraia ni habari nyingine: hapo Kifaransa safi hakitoshi. Mtihani ni wa Kiluxemburg, wa mdomo tu, bila kuandika. Kwa ngazi za lugha za Ulaya, kuzungumza kunapimwa kwa kiwango cha A2, kusikiliza kwa B1, ngazi moja juu yake. Yaani sikio linapimwa kwa kiwango cha juu kuliko ulimi, na anayekesha na kitabu cha sarufi anajinoa upande usiotahiniwa. Afadhali nusu saa ya redio kila siku, kisha uchukue picha yoyote na kuieleza kwa sauti, maana kueleza picha ni sehemu ya mtihani. Aliyeishi nchini miaka 20 ana njia nyepesi zaidi: kozi ya saa 24.

Anza kuzoeza sikio kwa namba. Mamoja hutangulia makumi: 25 ni fënnefanzwanzeg, “tano na ishirini”. Sasa sikiliza 45: fënnefavéierzeg. Ile n ya neno an (“na”) lililo katikati imetoweka, kwa sababu n ya mwisho hudondoka mbele ya konsonanti, isipokuwa d, t, z, n na h. Usipoijua kanuni hii, neno lile lile utalisikia kama maneno mawili tofauti.