Breki za ndege ndogo: namna ya kuzikagua na kuzitunza kwenye vumbi la Tabora

Mwongozo huu nawaandikia mafundi vijana wanaoanza kazi kwenye ndege za injini moja, za aina ya Cessna 206 na Caravan, ambazo ndizo tunazoshughulika nazo zaidi huku magharibi. Marubani nao wausome, maana wao ndio wanaokanyaga pedali na ndio wa kwanza kuhisi breki imebadilika. Kitabu cha matengenezo cha mtengenezaji kinabaki palepale: vipimo vya ndege yako vitoke humo, na anayesaini ndege irudi kazini ni mhandisi mwenye leseni inayotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Kwanza ujue breki ya Tabora inabeba nini. Uwanja wetu uko takribani mita 1,180 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lilelile, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani asilimia 13. Rubani anakuja kutua akisoma kasi ileile kwenye saa ya mwendo kasi, lakini magurudumu yanagusa lami kwa kasi halisi iliyozidi kwa takribani asilimia 7. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Kwa hiyo ndege ileile, yenye uzito uleule, inaipa breki takribani asilimia 15 ya kazi zaidi kuliko pwani. Hapo bado hujahesabu jua la Oktoba, wala viwanja vya moramu vya kule Katavi na Mahale ambako ndege zetu hupeleka wageni.

Hatua ya 1: Iandae ndege

Weka choki mbele na nyuma ya magurudumu, kisha achia breki ya kuegesha. Kalipa, yaani kile kipande kinachobeba pistoni na kuikumbatia diski, huwezi kuikagua vizuri ikiwa imebana. Kama ndege imetua muda si mrefu, subiri. Gurudumu lenye breki ya moto usilisogelee kwa ubavuni. Lifuate kwa mbele au kwa nyuma, kwa sababu rimu au tairi ikipasuka vipande huruka kwa pembeni. Usimwagie maji diski ya moto ili kuiharakisha ipoe, itapinda au itapasuka. Ndege yenye vifuniko vya magurudumu, vitoe. Ndani yake hukaa nyasi, matope makavu na mawe madogo, na huwezi kuyaona ukiwa umesimama.

Vaa barakoa unapofuta vumbi la pedi, yaani vipande vinavyobana diski na kulika, na futa kwa kitambaa kibichi. Acha tabia ya kupuliza kwa kompresa. Pedi za zamani ziliweza kuwa na asbesto, na mapafu hayana kipuri.

Hatua ya 2: Tafuta uvujaji

Oili ya haidroliki ya ndege hizi ni ya madini, ile ya MIL-H-5606 au iliyoidhinishwa badala yake, na rangi yake ni nyekundu. Moramu nayo ni nyekundu. Ndege ikitoka Katavi, tone la oili likichanganyika na vumbi pale chini ya kalipa linafanana kabisa na uchafu wa kawaida, na jicho linalipita. Ndiyo maana nasisitiza kitambaa cheupe. Kipitishe chini ya kalipa, kuzunguka skrubu ya kutolea upepo, kwenye maungio ya bomba na ubavu wa ndani wa tairi. Vumbi kavu hukung'utika likatoka. Oili huacha doa lenye ukingo unaotambaa. Ukiona doa, safisha pale pakauke, mwambie mwenzako akanyage pedali na kuishikilia, halafu utazame kwa tochi oili inatokea wapi. Ikitokea kuzunguka pistoni, oringi yake, yaani mpira wa duara unaoizuia oili, imechoka, mara nyingi kwa sababu ya joto. Oringi iliyokauka ikawa ngumu haikazwi kwa kitu chochote. Inabadilishwa.

Pedi iliyolowa oili nayo haioshwi kwa petroli wala haichomwi moto ikauke. Itupe, weka mpya pande zote mbili.

Ufuate mstari wa oili mpaka juu. Kwenye 206, masta silinda, yaani pampu ndogo zinazosukuma oili ya breki, ziko kwenye pedali za rubani, kwa hiyo lala chali uangalie chini ya dashibodi. Zulia lililolowa ni ushahidi tosha. Kwenye Caravan, tangi dogo la oili ya breki liko upande wa injini, na kiwango chake kinaonekana ukifungua kifuniko. Kiwango kikishuka, kuna sababu, na kujaza tu hakuiondoi.

Hapa niseme jambo linaloniumiza. Oili ya breki ya magari, ile inayouzwa kwenye kila duka la vipuri mjini, isiingie kamwe kwenye ndege hizi. Ile ni ya jamii ya glaikoli, na mipira ya mfumo wetu ilitengenezwa kwa oili ya madini. Ikikutana na glaikoli huvimba, hulainika, na baadaye hushindwa kushika shinikizo. Ndege inaweza kuruka siku kadhaa bila dalili. Kama kuna mtu ameshaimimina, hata kikombe kimoja, mfumo mzima unasafishwa na mipira yote inabadilishwa, bila kujadiliana kuhusu gharama.

Hatua ya 3: Pima pedi

Usikadirie kwa macho. Pedi nyingi za chapa ya Cleveland, ambazo ndizo zimefungwa kwenye ndege ndogo nyingi, mwisho wake ni unene wa milimita 2.54, yaani sehemu moja ya kumi ya inchi. Tumia venia, yaani kipimo cha taya, au kipande cha chuma ulichokichonga kwa unene huo ukipitishe kwenye nafasi. Pima kila pedi pahala pembamba zaidi, kwa sababu pedi hulika kwa mshazari.

Kisha linganisha pedi ya upande wa pistoni na ile ya bamba la nyuma. Zikilika sawa, kalipa inateleza vizuri. Moja ikiwa imeisha na nyingine bado nene, usikimbilie kubadilisha pedi. Tatizo liko kwenye hatua inayofuata, na kwa mazingira yetu ndiyo muhimu kuliko zote.

Hatua ya 4: Hakikisha kalipa inateleza

Breki hizi zina pistoni upande mmoja tu wa diski. Pistoni ikisukuma pedi yake, kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya upande wa pili ije kubana. Ukiachia pedali, kalipa hulegea na pedi zote mbili huachana na diski kidogo. Ufundi wote uko kwenye zile pini mbili. Zikikwama kwa kutu au vumbi, breki haiachii. Inaendelea kusugua ndege ikitembea kwenda kuruka, diski inapata moto, oringi inaiva, na rubani hajui chochote mpaka anapotua na kukuta upande mmoja hauna breki, au umeng'ang'ania na kuivuta ndege nje ya njia.

Shika kalipa kwa mkono, breki ikiwa imeachiwa, uisogeze ndani na nje. Inatakiwa icheze kidogo, kwa wepesi, bila kukwaruza. Ikikataa, fungua bolti za bamba la nyuma, chomoa kalipa, utazame pini. Pini nzima inang'aa na ni laini kwa kidole. Iliyoanza kuharibika ina madoa ya kahawia na michirizi ambayo ukucha unaihisi. Kutu nyepesi husuguliwa kwa kitambaa laini cha msasa. Iliyochimbika au kupinda hubadilishwa.

Sasa kosa ambalo fundi wa magari akija kwenye ndege hulifanya kwa nia njema: kupaka pini grisi. Kwenye lami safi huenda isilete shida haraka. Huku kwetu, grisi inakusanya vumbi la moramu na kugeuka msasa ndani ya wiki chache. Tumia kilainishi kikavu kinachoruhusiwa na kitabu, kiasi kidogo, kikauke kabla ya kufunga. Ndege zinazokwenda viwanja vya vumbi, kazi hii ifanye mara nyingi kuliko ratiba ya kawaida inavyotaka. Ni ya muda mfupi na haihitaji kipuri.

Kama kalipa inacheza vizuri lakini breki bado haiachii, panda juu. Angalia springi ya kurudisha masta silinda, kebo ya breki ya kuegesha kama haijashikilia pedali, na kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko cha oili kama hakijazibwa.

Hatua ya 5: Diski

Pima unene kwa maikromita sehemu iliyosuguliwa. Venia ya kawaida itakudanganya, kwa kuwa diski iliyolika huacha ukingo mnene pembeni na taya za venia hukaa juu ya ukingo huo. Kipimo cha chini kiko kwenye kitabu. Mchirizi mmoja mmoja usiozidi takribani milimita 0.76 unavumilika kwenye diski za Cleveland. Weka rula ya chuma juu ya uso wa diski: ikiwa imelika kama sahani kwa zaidi ya milimita 0.38, iondoe. Ufa hauna kipimo cha kuvumilika. Rangi ya buluu inakwambia diski ilipata moto kupita kiasi, basi rudi kwenye pini utafute kwa nini.

Wakati wa mvua, Novemba mpaka Aprili, diski isiyo na kromu hushika kutu kwa usiku mmoja tu ndege ikilala nje. Kutu hiyo nyepesi hutoka kwa kukanyaga breki mara chache wakati ndege inatembea taratibu. Lakini ndege iliyokaa wiki nyingi bila kuruka hupata mashimo, na mashimo hayo hula pedi mpya upesi. Kwa maoni yangu ndege iliyoegeshwa muda mrefu inastahili ukaguzi mkali kuliko inayoruka kila siku, ingawa wengi hufanya kinyume.

Hatua ya 6: Kubadilisha pedi na kutoa upepo

Kwenye breki nyingi za aina hii huhitaji kutoa gurudumu ili ubadilishe pedi; bolti za bamba la nyuma zinatosha. Ikibidi ulitoe na kufungua rimu, toa kwanza upepo wote wa tairi. Bolti zinazounganisha nusu mbili za rimu ukizilegeza tairi likiwa na upepo, zinaweza kukuua.

Toa ribiti za zamani, gonga mpya kwa kifaa chake, hakikisha pedi haichezi na haijapata ufa. Usichanganye pedi za madini, yaani zenye chembe za chuma, na zile za kawaida. Kaza bolti kwa spana ya toki, kwa kiwango kilichoandikwa.

Kama mfumo ulifunguliwa, upepo utolewe kuanzia chini kwenda juu. Unganisha hozi safi ya pampu ya oili kwenye skrubu ya kalipa, na hozi nyingine itoke juu kwenye tangi iingie kwenye chombo, ncha yake ikiwa imezama ndani ya oili. Sukuma polepole. Mapovu yenyewe hutaka kupanda, na njia hii huyasindikiza yanakokwenda. Endelea mpaka yaishe, halafu kanyaga pedali: iwe ngumu na isimame. Ikiwa laini, bado kuna upepo. Ikisimama kisha ikazama taratibu huku hakuna tone nje, mipira ya ndani ya masta silinda inapitisha.

Hatua ya 7: Kuzoeza pedi mpya

Pedi mpya haina nguvu yake mpaka ipate joto la kwanza kwa mpangilio. Kwa pedi za kawaida za Cleveland, tembeza ndege takribani mita 450, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, huku breki ikishikiliwa ili mwendo usizidi ule wa mtu anayekimbia polepole. Iache ipoe dakika 10 hadi 15. Kisha ishike kwa breki huku ukiongeza nguvu ya injini, mahali peupe, bila mtu mbele. Pedi za madini zina utaratibu wao: kusimama kabisa mara mbili mfululizo kutoka mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 30 hadi 35, halafu kupoa.

Mwambie kapteni pia asiiweke breki ya kuegesha wakati breki zikiwa za moto, wala asiitegemee usiku kucha. Oili iliyofungiwa mchana wa jua husinyaa usiku wa Juni ukiwa baridi, na ndege inaweza kuanza kutembea yenyewe. Choki ndizo zinazolala na ndege.

Hatua ya 8: Andika kipimo

Kwenye kitabu cha ndege usiandike tu kwamba breki zimekaguliwa na ziko salama. Andika milimita za kila pedi, za kila diski, na idadi ya mitua, yaani mara ndege ilizotua, tangu ukaguzi uliopita. Saa za kuruka peke yake hazitoshi, kwa kuwa breki hulika kwa kutua, na ndege ya safari fupifupi hutua mara nyingi ndani ya saa chache. Chukua mfano: pedi ilikuwa milimita 5.0, baada ya kutua mara 80 imekuwa 4.2. Imepoteza 0.8. Iliyobaki kabla ya kufika 2.54 ni 1.66, basi ina takribani mitua 160 mbele yake. Agiza pedi sasa, maana kipuri kutoka Dar es Salaam kinaweza kuchelewa, na ndege ikikaa inasubiri ndipo mtu anaposhawishika kuiachia iruke mara moja zaidi. Na kama ukaguzi ujao utakuta pedi ya kulia imepoteza mara mbili ya ile ya kushoto, namba hizo zitampeleka fundi wa zamu moja kwa moja kwenye pini za upande wa kulia, hata kama hamjawahi kuonana.