Rangi halisi ya matumbawe chini ya taa za buluu

Taa za buluu za tangi la matumbawe huidanganya kamera inayojipangia rangi yenyewe, hata tumbawe la kijani likatoka samawati tupu; kwa hiyo weka mizani ya weupe (white balance, mpangilio wa kamera unaosawazisha rangi) kwa mkono kwenye Kelvini 10,000, kipimo cha rangi ya mwanga, au kiwango cha juu kabisa ambacho kamera yako inakubali, na uhifadhi picha katika faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) ili rangi zirekebishike baadaye. Kwa samaki anayeogelea, kasi ya shata (kilango cha kamera kinachoruhusu mwanga kuingia) isipungue 1/200 ya sekunde, hata ikibidi kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600, kwani chengachenga kidogo zinavumilika kuliko pezi lililofifia. Zima pampu kwa dakika chache tu minyiri ya matumbawe itulie, futa kioo, kisha uelekeze lenzi moja kwa moja mbele yake, kwa sababu ukipiga kwa mshazari kioo kinene huipotosha taswira.