Begi la kujifungulia: lipange kwa ajili ya atakayelifungua

Begi la leba hulifungui wewe. Saa linapohitajika, uchungu umekushika, uko kitandani, na anayeingiza mkono ni nesi wa zamu au shangazi yako aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje. Wodini ni jambo la kila siku: begi zuri la zipu limekandamizwa mpaka linataka kupasuka, kadi iko chini kabisa, na kila kitu kinamwagwa sakafuni kutafuta kanga moja. Kwa hiyo somo hili si orodha ya vitu tu, orodha kila mtu anayo. Ni mpangilio.

Anza mapema, mimba ikiingia mwezi wa nane. Ikifika wiki ya 36 begi liwe limefungwa na liko karibu na mlango. Walio vijijini, hasa uchungu unaoangukia masika, wasisubiri hata hapo. Na kama umepanga kwenda kujifungulia Dar es Salaam kwa mama yako, ondoka mapema. Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara pale Somanga, magari yakalala njiani.

Hatua ya kwanza: karatasi, na ziwe juu

Kadi ya kliniki ndiyo ya kwanza. Ina kundi lako la damu, wingi wa damu, presha, majibu ya vipimo na chanjo za pepopunda. Ukifika bila kadi, nesi anaanza kukuuliza maswali ambayo katikati ya uchungu huwezi kuyajibu. Weka pamoja na kadi ya bima kama unayo, na karatasi yoyote ya ultrasaundi.

Ongeza karatasi moja mliyoandika nyumbani kwa herufi kubwa: majina kamili ya baba na mama kama yalivyo kwenye vitambulisho, na namba za simu za watu wawili. Majina hayo yatatakiwa kwenye tangazo la kizazi la mtoto. Kukosea herufi siku hiyo ni safari za kurekebisha baadaye.

Vyote viwe kwenye bahasha ya plastiki yenye kifungo, mfuko wa nje wa begi. Usiviweke ndani.

Hatua ya pili: kanga

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoharibu.

Usinunue kanga mpya ukaziweka begini na gundi yake ya dukani. Kanga mpya ni ngumu, hainyonyi maji, na nyingine zinatoa rangi. Chukua zilizokwisha kuvaliwa, pamba tupu, zifue kwa sabuni, zianike juani zikauke kabisa, kisha zipige pasi pande zote mbili. Pasi si urembo. Nguo iliyoanikwa nje ikabaki na unyevunyevu, kuna inzi anayetaga humo, na funza wake anaingia kwenye ngozi ya mtoto. Joto la pasi linaua mayai hayo.

Sasa zigawe. Vipande vitano ndiyo kiasi cha chini, doti mbili na nusu:

Kimoja cha kutandika juu ya mpira wa kulalia. Kimoja cha kumkausha mtoto. Kimoja cha kumfunika mtoto. Kimoja cha wewe kujifunga ukitoka leba. Kimoja cha akiba.

Watu wanauliza kwa nini mtoto awe na viwili. Mtoto anatoka amelowa, na maji yale yanampoza haraka hata hapa kwetu Mtwara kwenye joto la Desemba. Mkunga anamkausha kwa kanga ya kwanza, anaitupa pembeni, anamlaza kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kisha anamfunika kwa ya pili iliyo kavu. Ukiwa na moja tu, mtoto anabaki ndani ya nguo mbichi.

Viwili hivyo vya mtoto vikunjie pamoja na kofia na soksi, uvifunge kwa utepe au kipande cha kitambaa. Kifurushi kimoja. Nesi akiita, msindikizaji anatoa hicho, hachambui.

Hatua ya tatu: vifaa vya kuzalishia

Sera ni kwamba huduma ya kujifungua kwenye vituo vya umma haina malipo. Lakini kuna usiku glovu zimeisha stoo na duka la dawa limefungwa, na mtoto hasubiri mzabuni. Muulize nesi wa kliniki yako hasa wanataka uje na nini, kwa sababu zahanati ya kijijini na hospitali kubwa kama Ligula au Sokoine hawatakupa orodha moja. Kwa kawaida utaambiwa: mpira wa kulalia, glovu za kuzalishia zilizofungwa jozi moja moja kwenye karatasi, pamba, vibana kitovu, nyembe mpya mbili ambazo hazijafunguliwa, na pedi kubwa za wazazi.

Kitu kimoja usinunue ukakaa nacho: sindano ya oksitosini, ile ya kuzuia damu baada ya mtoto kutoka. Dawa hii inatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8. Ukiikalisha wiki tatu begini chini ya bati, siku ya kuchomwa inaweza isifanye kazi, na ndiyo siku unayoihitaji kuliko zote. Ukiambiwa uinunue, inunuliwe siku ileile na ifike kituoni ikiwa baridi.

Na zile dawa za mizizi za kuharakisha uchungu ambazo bibi atazipenyeza kwenye mfuko wa pembeni, zitoe. Namheshimu bibi. Lakini zinaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi. Mtoto akakosa hewa, na mfuko ukaweza hata kuchanika. Mkunga hawezi kukusaidia vizuri kama hajui ulichokunywa. Kama umeshakunywa, mwambie bila aibu.

Hatua ya nne: ndoo

Wageni wanaotoka mikoa mingine wanashangaa wanawake wa kusini kwenda kuzaa na ndoo. Wacha washangae. Ndoo ya lita 10 yenye mfuniko ni ya maji ya kuoga, kisha ni ya kanga zilizochafuka, ikifunikwa harufu haitoki na huaibiki kwenye bodaboda. Rambo zilipigwa marufuku 2019, na hii mifuko mbadala inavuja maji ya damu. Ndani ya ndoo weka kopo, sabuni ya kipande, sabuni ya unga kidogo na kandambili. Basi.

Hatua ya tano: vyako wewe

Dera lenye zipu mbele au gauni pana la vifungo, mawili. Dera zuri la kichwani tu halifai, utalivua lote ili unyonyeshe. Chupi za pamba kubwa, za rangi nyeusi. Mtandio. Mswaki. Chupa ya chai, kikombe na kijiko, maana chakula kwa sehemu kubwa kitatoka kwenu. Kama kila kitu kinakwenda sawa, kunywa chai ya sukari au uji mwepesi uchungu ukiwa unaanza, unahitaji nguvu. Muulize mkunga kwanza.

Dhahabu ibaki nyumbani. Rangi ya kucha itoke, kucha bandia pia, kwa sababu nesi anatazama kucha kujua kama damu imepungua na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hakisomi vizuri juu ya rangi nzito.

Hatua ya sita: vya mtoto, na vichache

Nguo mbili tatu nyepesi, kofia, soksi, nepi za kitambaa au pampas chache. Hana sherehe ya kwenda. Maziwa ya kopo, chupa na chuchu usibebe: mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, na yale maziwa ya mwanzo ya njano ndiyo yake. Pauda hapana. Wanja hapana. Cha kupaka kitovuni usibebe chochote, iwe mafuta, majivu au mate ya mtu. Kitovu kinataka usafi na ukavu, na kama wodini wana dawa yao watakupa wao.

Beseni la kumwogeshea liache nyumbani. Mtoto akae saa 24 bila kuogeshwa. Najua wazee hawapendi kusikia hilo.

Hatua ya saba: pesa, simu, usafiri

Noti ndogondogo, si noti moja ya elfu kumi ambayo dereva wa bajaji saa nane usiku hana chenji yake. Chaja. Namba za madereva wawili, siyo mmoja. Na namba ya m-mama, 115, ambayo ni bure kupiga: ni ya usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na kichanga. Iandike ukutani kwa mkaa ikibidi.

Ukiona damu inatoka, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, degedege, chupa imepasuka kabla ya uchungu, au mtoto ameacha kucheza, begi liwe tayari lisiwe tayari, ondoka.

Hatua ya nane: jaribio

Mkalishe atakayekusindikiza. Mwambie, "Nipe vya mtoto." "Nipe kadi." "Nipe pedi." Asiangalie usoni kwako, aangalie begi. Akipapasa zaidi ya mara moja, panga upya.

MASWALI YA WANACHAMA

*Somo, mimi niko Tandahimba. Huku maji tunanunua kwa ndoo, na zahanati yetu tenki likikauka ndiyo basi. Nibebe maji?*

Beba. Dumu la lita 20 lipelekwe mapema na mtu wa nyumbani kama kituo kiko karibu. Kama ni mbali, dumu la lita 5 la kukufutia wewe, na msindikizaji atafute mengine akifika. Uwanda wa Makonde tunaujua, wala usione aibu kufika na dumu. Kliniki ijayo muulize nesi hali ya tenki.

*Mume wangu ni mvuvi, wakati huo atakuwa dago, kambini kwa wavuvi. Mama mkwe yuko Kilwa. Niko peke yangu na watoto wawili.*

Basi msindikizaji wako ni jirani, na jaribio la hatua ya nane ulifanye naye yeye. Mwachie pesa ya usafiri mkononi, usimwambie tu iko wapi. Watoto nao wapangiwe pa kulala. Ukiishi mbali na hospitali, uliza kama kuna nyumba ya kusubiria wajawazito, uhamie wiki za mwisho, na hapo ongeza unga, mboga kavu na sufuria.

*Kwetu ni mwiko kununua nguo za mtoto kabla hajazaliwa. Nikinunua, likitokea lolote watasema ni mimi.*

Sitakwambia ugombane na wakwe ukiwa na tumbo la miezi minane. Kanga ni zako, hakuna mwiko juu ya kanga zako. Vipande viwili vya mtoto vihesabu humo. Kofia na soksi wifi yako au rafiki anunue akae nazo kwake, azilete ukishaingia leba. Mwiko umeheshimiwa na mtoto hatapigwa na baridi.

*Nimeambiwa ni mapacha. Nizidishe kila kitu mara mbili?*

Vya watoto ndiyo, na vifurushi viwili tofauti, kila kimoja na kanga zake mbili, vifungwe kwa utepe wa rangi tofauti. Vyako ongeza pedi. Mapacha mara nyingi huwahi na huwa wadogo, kwa hiyo begi lifungwe wiki kadhaa kabla ya wenzako, na kanga moja laini ndefu iongezeke, ya kumfunga mtoto kifuani kama atatakiwa kulelewa kwa kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi. Na usizalie zahanati. Nenda hospitali yenye upasuaji: Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au Mkomaindo, iliyo karibu nawe.

*Mimi ni wa kisu, nimepangiwa tarehe. Nibadilishe nini?*

Nguo za siku tatu hadi nne, siyo moja. Chupi zinazopanda juu ya kitovu, mkanda wake usikae kwenye mshono. Watu wawili wa kuchangia damu, waambiwe mapema na siku hiyo wapatikane. Msindikizaji awe mwenye nguvu, kwa sababu siku ya kwanza yeye ndiye atakayemnyanyua mtoto na kukusogezea unyonyeshe. Saa za kuacha kula zifuate kama ulivyoambiwa, hata kikombe cha uji kinaweza kuahirisha upasuaji. Ming'oko ya mama mkwe, ile mizizi ya porini, isubiri mpaka daktari aseme unaweza kula kawaida.

*Naomba msitaje jina langu. Natumia dawa za kufubaza VVU, na nitakayekwenda naye hajui.*

Dawa zako zihamishie kwenye kikopo kisicho na maandishi, uweke kwenye mkoba wako mdogo wa mkononi, siyo kwenye begi ambalo yeye atalifungua. Usiruke dozi. Kadi yako ya kliniki nesi anaisoma kwa alama zake, lakini mwambie pia mwenyewe mkibaki wawili, kwa sababu mtoto ataanzishiwa dawa yake mapema baada ya kuzaliwa. Kunyonyesha utanyonyesha.

*Tukishatoka hospitali, cheti cha kuzaliwa tunakifuata wapi?*

Msitoke bila kuuliza. Cheti cha mtoto aliye chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Kabla ya kusaini chochote soma jina la mtoto herufi kwa herufi, na kama bado hamjakubaliana jina, malizaneni kwanza nyumbani.