Kabla hujakitupa kichwa chako cha treni cha zamani

Wenzangu wa treni za mfano, ile bodi (ganda la nje) ya SD60, aina ya kichwa cha dizeli cha Marekani, iliyojaa vumbi kabatini usiitupe. Kampuni za reli za Marekani zenyewe hazitupi vyote. Kampuni ya reli ya Norfolk Southern ilivichukua vichwa vya SD60, vya miaka ya 1980 na 1990, ikavivua hadi fremu kwenye karakana yake ya Juniata, Altoona, ikavivalisha chumba kipya cha dereva chenye pua pana na kuviita SD60E. Dash 9, vichwa vya General Electric vya miaka ya 1990, nazo zilitolewa mota za mkondo mnyoofu (DC) zikawekewa za mkondo geu (AC), zikawa AC44C6M.

Kwetu sisi hiyo ni neema: kata chumba cha zamani, bandika kipya, na bodi ya nyuma unabaki nayo. Ila usikimbilie msumeno. Tafuta kwanza picha ya kichwa chenye namba ileile unayotaka kubandika, tena picha yenye tarehe. Namba mara nyingi hubadilika baada ya ukarabati, na ukikosea hapo, mtu mmoja lazima atakuumbua (hakosekani).

Mimi huanza na paa. Antena za PTC, mfumo wa usalama unaoweza kuisimamisha treni wenyewe, zilienea miaka ya 2010, kwa hiyo ukiigiza mwaka 1998 zing'oe. Kisha tazama upande: mlango uliozibwa, kipande cha bati kipya kisichochakaa kama jirani yake. Hapo paka uchafu kidogo tu, maana kichwa kilichotoka karakana juzi hung'aa.