Jinsi ya kuziona seli za mmea na za mnyama kwa hadubini, sehemu moja baada ya nyingine

Mchoro wa seli uliomo kwenye vitabu vya shule unaonyesha kila kitu kwa pamoja: kiini, vakuoli, mitokondria, ribosomu, utando, vyote vimepakwa rangi na kuandikwa majina. Mwanafunzi akija kuweka jicho kwenye hadubini anakuta vijumba vyeupe vitupu, anasema hadubini ni mbovu. Si mbovu. Kwenye seli yenyewe kila sehemu ina namna yake ya kujitokeza. Moja inataka rangi, nyingine inataka chumvi, nyingine inataka mwanga upunguzwe, na zipo ambazo hutaziona hata ufanyeje. Kwa hiyo hapa nitakwenda sehemu kwa sehemu: ufanye nini ili uione, na kazi yake ni ipi. Ninafanya kazi kwenye maabara ya sekondari, na vifaa nitakavyotaja ni vya kawaida.

Andaa vifaa

Hadubini ya mwanga yenye lenzi za 4, 10 na 40. Slaidi na vifuniko vyake vyembamba vya kioo. Kitunguu maji chekundu, kiazi mviringo, wembe, kibanio, chumvi, karatasi za tishu, na vijiti vya pamba vya kusafishia masikio. Kwa seli za kijani tafuta hidrila au mmea mwingine wa majini wenye majani membamba. Wanaofuga samaki wa mapambo wanayo.

Rangi ni mbili: iodini na methilini bluu. Methilini bluu ikikosekana, GV ya duka la dawa, ile ya zambarau, inafanya kazi vizuri. Ipunguze kwa maji mengi mpaka uweze kuona kidole chako upande wa pili wa chupa. Ukiitumia nzito, kila kitu kitakuwa zambarau na hutatofautisha chochote.

Hatua ya 1: Jua uwanja wako una upana gani

Uwanja ni lile duara la mwanga unaloliona kwenye hadubini. Wengi wanairuka hatua hii, halafu wanashindwa kusema seli ina ukubwa gani. Weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ya 4, kisha hesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kama lenzi ya jicho imeandikwa 10× na 18, utaona milimita nne na nusu, yaani 18 gawanya kwa 4. Ukienda lenzi ya 10 upana unabaki milimita 1.8, na kwa lenzi ya 40 unabaki 0.45. Yaandike kwenye karatasi na uibandike pembeni ya hadubini.

Hatua ya 2: Ukuta wa seli

Kata kitunguu vipande vinne, bandua ganda moja nene. Upande wake wa ndani, ule uliobonyea, una ngozi laini isiyo na rangi. Vunja ganda taratibu, ngozi itabaki inaning'inia. Ivute kwa kibanio. Ngozi hiyo ina unene wa seli moja tu, ndiyo sababu kitunguu kinapendwa kwenye maabara. Kata kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kitandaze juu ya tone la maji kwenye slaidi, kisha teremsha kifuniko kwa kukilaza kutoka upande mmoja ili hewa itoke. Mapovu ya hewa yana mzunguko kamili na ukingo mweusi mnene. Usiyachore.

Anza na lenzi ya 4, kisha 10. Mwanga ukiwa mwingi hutaona kitu, kwa hiyo funga dayaframu (tundu la kupitishia mwanga chini ya slaidi) kidogo kidogo mpaka mistari ijitokeze. Mistari hiyo ni kuta za seli, zilizojengwa hasa kwa selulosi. Kazi yake ni kuipa seli umbo na kuishikilia isipasuke maji yanapoingia. Ukuta unapitisha maji na chumvi bila kuchagua. Mlinzi wa mlango ni mwingine, tutamfikia.

Hesabu seli zilizojipanga kwa urefu kutoka ukingo hadi ukingo. Zikiwa sita kwenye uwanja wa milimita 1.8, kila moja ina urefu wa milimita 0.3.

Hatua ya 3: Kiini

Tone la iodini liweke kwenye ukingo mmoja wa kifuniko, tishu iguse ukingo wa pili. Tishu inafyonza maji, iodini inaingia chini yenyewe. Subiri dakika mbili. Sasa ndani ya kila kijumba kuna duara la rangi ya njano inayoelekea hudhurungi. Hicho ndicho kiini. Robert Brown, Mskoti aliyekuwa akichunguza okidi, ndiye aliyekieleza na kukipa jina mwaka 1831. Ndani yake imo DNA, yaani maelekezo ya karibu protini zote ambazo seli inaweza kutengeneza.

Nenda kwenye lenzi ya 40 na utumie gurudumu dogo la kurekebishia peke yake. Angalia kwa makini: viini vingine vinaonekana kama viko katikati ya seli, vingine vimebanwa ukutani na vinaonekana vyembamba kama vimelalia ubavu. Kwa kawaida vyote vimebanwa ukutani. Vile vinavyoonekana viko katikati vimelala kwenye ukuta wa juu au wa chini, na wewe unavitazama kutoka juu. Zungusha gurudumu dogo taratibu utaona kiini kinapotea huku kuta za pembeni zikibaki. Seli ina kina, si picha bapa. Kilichokisukuma kiini pembeni ni vakuoli, yaani mfuko wa maji ndani ya seli, ambayo bado hujaiona.

Ndani ya kiini kuna doa moja au mawili yaliyokolea zaidi: nukleoli. Hapo ndipo ribosomu, chembe zinazounganisha protini, zinapoanza kuundwa.

Angalia pia kwamba hakuna kilichogeuka kuwa cheusi. Iodini hugeuza wanga kuwa rangi ya bluu-nyeusi, na kitunguu hakihifadhi chakula kwa njia ya wanga, kinahifadhi sukari. Ukwangue uso wa kiazi kwa wembe, utie tone la iodini, utaona vipande vyeusi vya umbo la yai, vingi ajabu. Humo ndimo kiazi kinamoweka akiba yake, ndani ya plastidi (vifuko vidogo vilivyomo kwenye seli) zisizo na rangi.

Hatua ya 4: Vakuoli na utando wa seli, kwa chumvi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na kama una muda wa kufanya jambo moja tu darasani, fanya hili.

Chukua ganda la kitunguu chekundu, safari hii upande wa nje, uliotuna, wenye zambarau. Ngozi yake ni ngumu zaidi kuvuta, kwa hiyo kwangua juu juu kwa wembe na uchukue kipande chembamba kabisa. Kiweke kwenye maji. Usitie rangi, kitunguu kimekuja na rangi yake.

Kwa lenzi ya 10 utaona baadhi ya seli zimejaa zambarau kutoka ukuta hadi ukuta. Zambarau hiyo imo ndani ya vakuoli, imeyeyuka kwenye maji yake. Sasa unaona kwa nini kiini kilikuwa kimebanwa: kwenye seli ya mmea iliyokomaa vakuoli inaweza kuchukua asilimia 80 hadi 90 ya nafasi yote. Sitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli, imebaki ukanda mwembamba kandokando. Vakuoli inahifadhi maji, sukari, rangi na taka, na msukumo wake dhidi ya ukuta ndio unaofanya mchicha uliomwagiliwa usimame wima. Maji yakipungua, mchicha unalala.

Sasa koroga kijiko kidogo cha chumvi kilichojaa kwenye nusu glasi ya maji. Ipitishe chini ya kifuniko kwa tishu kama ulivyofanya na iodini, ila usiondoe jicho kwenye hadubini. Baada ya muda mfupi zambarau inaanza kujivuta kutoka kwenye pembe za seli. Kwanza pembe zinabaki tupu, kisha pande, na mwisho rangi inakuwa mpira mdogo uliokolea katikati ya kijumba ambacho umbo lake halijabadilika hata kidogo. Maji yametoka, ukuta umebaki ulipokuwa.

Ukingo wa nje wa donge lililosinyaa ni utando wa seli. Wenyewe ni mwembamba mno, nanomita 7 hadi 10, na hadubini ya mwanga haiwezi kuuonyesha. Unachokiona ni mpaka wake. Kabla ya chumvi ulikuwa umegandana na ukuta. Sasa umeachana nao na umethibitisha kazi yake mbele yako: umeruhusu maji yatoke, rangi ya zambarau umeizuia ndani. Chumvi nayo ilipita kwenye ukuta bila shida, ikasimamishwa na utando. Huyo ndiye mlinzi wa mlango.

Kabla seli hazijafa, pitisha maji matupu. Zambarau itapanuka tena mpaka ukutani. Seli zisizorudi zimekufa, na rangi yake huvuja.

Hatua ya 5: Kloroplasti

Weka jani zima la hidrila kwenye tone la maji, bila rangi yoyote. Chembe za kijani zilizojaa ndani ni kloroplasti, zenye klorofili, ambamo mwanga, maji na kaboni dioksidi hutengeneza sukari. Tazama seli zilizo karibu na mshipa wa katikati. Ziache kwenye mwanga dakika kadhaa, na mara nyingi utaona kloroplasti zinasafiri kufuata ukuta, zote upande mmoja. Hazijiendeshi zenyewe, zinabebwa na sitoplazimu inayozunguka.

Kitunguu hakikuwa na hata moja kwa sababu seli zake hazifanyi kazi ya kupokea mwanga. Anayesema kila seli ya mmea ina kloroplasti amesoma mchoro, hajasoma mmea.

Hatua ya 6: Seli ya mnyama, na mnyama ni wewe

Sugua ndani ya shavu kwa kijiti safi cha pamba, upake kwenye slaidi, uache ikauke kidogo. Kila mtu atumie kijiti chake, na vyote viishie kwenye maji yenye klorini. Tia tone la methilini bluu au GV iliyopunguzwa, subiri dakika moja, funika.

Seli za shavu ni bapa, kingo zake zimepinda ovyo, nyingine zimejikunja. Hazina ukuta, hazina vakuoli kubwa, na kiini kipo mahali fulani katikati, cha bluu iliyokolea. Upana wake ni kama milimita 0.06, kwa hiyo saba hivi zikipangwa zinajaza uwanja wa lenzi ya 40.

Kukosa ukuta kuna gharama. Seli nyekundu ya damu ikiwekwa kwenye maji matupu huvimba na kupasuka, kwa kuwa hakuna cha kuishikilia. Ndiyo maana dripu ya hospitali ya maji ya chumvi huwa na chumvi asilimia 0.9.

Utaona pia nukta ndogo sana za bluu zimetapakaa juu ya seli. Wanafunzi huziandika mitokondria. Ni bakteria wa mdomoni. Lakini ukubwa wake unakaribiana na wa mitokondria, takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, na kufanana huko kuna asili yake: mitokondria zimetokana na bakteria walioingia na kuishi ndani ya seli nyingine zamani sana, hoja ambayo mwanabiolojia Lynn Margulis aliitetea kwa nguvu kuanzia mwaka 1967. Bado zina DNA yake zenyewe.

Hatua ya 7: Usivyoviona

Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi. Ribosomu, zinazounganisha protini, zina nanomita 25 au 30. Mwanasayansi George Palade alizieleza katika miaka ya 1950 kwa hadubini ya elektroni. Retikulamu ya endoplazimu, inayosafirisha protini hizo, nayo iko chini ya uwezo wako. Vifaa vya Golgi, vinavyozifungasha, Camillo Golgi alivieleza mwaka 1898 kwa rangi ya madini ya fedha.

Mitokondria hazionekani bila rangi maalumu, lakini zimo pande zote mbili, kwenye kitunguu na kwenye shavu. Zinatoa nishati kutoka kwenye chakula kwa kutumia oksijeni. Mmea hauna kloroplasti badala ya mitokondria. Una vyote viwili, na usiku unategemea mitokondria.

Hatua ya 8: Chora

Penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, bila kivuli. Chora seli mbili au tatu kwa ukubwa, na uweke ulichokiona tu. Kama mitokondria hukuiona, isiwepo. Utando wa kitunguu uchore kwenye mchoro wa chumvi, ambako umeachana na ukuta.

Mwisho andika mkuzo wa mchoro: urefu wa mchoro gawanya kwa urefu halisi wa seli. Seli ya milimita 0.3 ukiichora kwa milimita 90, mchoro wako ni ×300, ingawa uliitazama kwa lenzi zinazokuza mara 100.