Faili mama la kitabu: anza na ukurasa mgumu kuliko zote

Ukipeleka kitabu cha zamani steshenari yoyote hapa Dodoma mjini kiingizwe kwenye kompyuta, utarudishiwa PDF au Word. Pokea, ila lisiwe faili mama. Faili mama ni lile moja unalolisahihisha. EPUB (faili la kitabu cha kusomea kwenye simu), PDF ya kuchapa na ukurasa wa wavuti vyote vizaliwe humo. PDF hushika hasa sura ya ukurasa. Word ingefaa kidogo, kama wachapaji wangetumia mitindo ya vichwa badala ya kukoleza wino.

Hatua ya 1. Sura ya kwanza hudanganya. Fungua katikati, utafute ukurasa wenye shairi, tanbihi, jedwali, au Cigogo na Kiswahili sambamba. Huo ndio utakaoamua faili mama liandikwe kwa alama zipi.

Hatua ya 2. Uandike kwa Markdown, alama nyepesi alizozitoa John Gruber mwaka 2004: # kwa kichwa, nyota kwa mlazo. Riwaya au historia ya kijiji haihitaji zaidi. Kwenye shairi ndipo kazi ilipo, maana mishororo huungana ikawa aya moja. Ukitumia Pandoc, programu ya kugeuza faili la aina moja kuwa jingine, tanguliza kila mshororo kwa kistari wima:

| Dodoma mvua haba, mtama ndio chakula
| Uwele tumeubeba, ghalani umeshalala

Mishororo imepona. Lakini kwa kompyuta ile mkato bado ni mkato tu. Haijui ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) umeishia wapi na utao (nusu ya pili) umeanzia wapi.

Hatua ya 3. Ukihitaji ijue hilo, hamia TEI, kanuni za kuwekea maandishi alama kwa XML (lugha ya kutaja kila kipande ni nini) zilizoanza kuandaliwa 1987. Toleo la P5 lilitoka 2007. Ubeti ni `<lg>`, mshororo `<l>`, kituo cha katikati `<caesura/>`, ukurasa mpya `<pb n="45"/>`. Jasho litakutoka, na kupata EPUB kwa kawaida kutahitaji XSLT, lugha ya kugeuza faili za XML. Kwa riwaya ni kujitesa bure. Kwa kamusi au utenzi wa kuchambuliwa, sioni mbadala.

Hatua ya 4. Amua ng' yako. Tesseract, programu ya kugeuza picha za kurasa kuwa maandishi, inasoma Kiswahili, lakini "ng'ombe" anaweza kutoka na alama iliyonyooka ukurasa huu na iliyopinda ukurasa unaofuata. Jicho halishtuki, ila ukitafuta neno, nusu ya ng'ombe hawaonekani. Chagua alama moja, iandike kwenye faili la kanuni, na hifadhi kila kitu kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Vistari vya mwisho wa mstari navyo usivifute kwa amri moja: vitabu vya zamani viliandika "pole-pole", na hicho ni cha mwandishi.

Hatua ya 5. Zalisha ukurasa huo mmoja kabla ya kugusa mingine. Kama uliuandika kwa Markdown, amri ya Pandoc ni hii:

`pandoc kitabu.md -o kitabu.epub`

Ufungue kwenye simu ya kawaida yenye kioo kidogo. Ubeti ukishikana au tanbihi ikipotea, rekebisha faili mama, uzalishe upya. EPUB yenyewe usiiguse, hata kwa nukta moja.