Kupiga picha za wadudu kwa karibu hapa Mombasa: shika flashi kwanza, lenzi baadaye

Mpwa wangu kajinunulia kamera ya mtumba na lenzi ya makro, siku chache akaja na picha za nyuki zote zimetoka ukungu, ati lenzi mbovu. Lenzi haina neno. Tumeshinda naye uani mpaka zikakaa sawa, basi naandika hapa wengine wenye shida hiyo wasome, maana nishachoka kueleza kwa voisi noti.

1. Vifaa

Kamera yoyote ya kubadilisha lenzi. Lenzi ya makro ya 90 au 100mm inayofika 1:1, yani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 kamili kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachonasa picha. Pesa haitoshi? Tafuta Raynox DCR-250, ni kilenzi cha kubana mbele ya lenzi yako ya kawaida, kwa lenzi ndefu inafanya kazi safi sana. Simu na kile kilenzi cha kubana pia yaenda, ila mambo mengi ya hatua ya 4 hayatakuhusu. Tripodi iache nyumbani, mpaka umalize kufungua miguu mdudu keshafika Likoni.

2. Mahali na saa

Anza uani kwako. Mrihani ukitoa maua haukosi vinyuki vidogo. Mlimau au mdimu angalia majani machanga, hapo ndipo kipepeo *Papilio demodocus* hutaga, na viwavi wake wakiwa wadogo wanafanana kabisa na mavi ya ndege, wakikua wanakuwa kijani, ukiwasumbua wanatoa kitu kama pembe mbili za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Bogonvilia inapendeza macho lakini mi sipati kitu cha maana pale.

Ukitaka kutoka, nenda Haller Park kule Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kupanda mivinje mwaka 1971, kisha akaleta majongoo wale wenye miguu myekundu wamege majani makavu yawe udongo. Jongoo si mdudu kwa hesabu ya wanasayansi ila kwa mazoezi hakuna kama yeye, hana haraka.

Kwenye miembe tazama kwanza unapoegemea. Wale chungu wanaoitwa maji moto wakikuingia shingoni hiyo kazi umeimaliza.

Saa: kuanzia kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa tatu hivi. Wadudu bado wazito na upepo wa bahari haujaamka. Msimu wa kusi hata asubuhi majani yanacheza, jibanze nyuma ya ukuta.

3. Mipangilio

Hali ya M, yani kila kitu unapanga mwenyewe. Shata (muda kamera inapokea mwanga) 1/200 ya sekunde, kitundu cha lenzi f/11, ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) 100, fokasi ya mkono. Usiende f/22 ukidhani utapata kina zaidi, yani sehemu kubwa zaidi iliyo kali, kwa 1:1 hiyo f/11 ishafanya kazi kama f/22 tayari, ukizidisha picha nzima inalainika.

4. Flashi (hapa ndipo asubuhi yetu ilipoishia)

Watu wanadhani shata ndio inasimamisha mdudu. Kwa picha hizi ni flashi. Flashi ya juu ya kamera ukiiweka nguvu ndogo, 1/16 au 1/32 ya nguvu yake, inawaka muda mfupi mno, kama sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde hivi kutegemea flashi yako, na huo ndio muda wa picha wenyewe. Ukiiweka nguvu kamili inawaka muda mrefu zaidi na ukungu unarudi. Kwa hivyo lengo ni kufanya nguvu ndogo itoshe, na njia ni kuuleta mwanga karibu na mdudu.

Sasa shida ya mpwa wangu. Alikuwa kaweka shata 1/1000 akidhani ndio haraka zaidi, na flashi yake ikishavuka 1/200 inajigeuza yenyewe kwenda ile hali ya shata ya kasi, haiwaki mara moja tena bali inapepesa mfululizo muda wote pazia la shata linapita. Mwanga unapungua sana, na nyuki wa asali anapiga mbawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, hiyo 1/1000 haimuwezi. Izime hiyo hali kwenye menyu, rudi 1/200, na flashi iwe ya mkono, isijipimie yenyewe.

Kuna mtego wa pili, jua letu. Ukipiga juani, jua nalo linachora picha yake ndani ya hiyo 1/200, unapata mdudu mkali mwenye kivuli cha ukungu ubavuni. Jaribio: zima flashi, piga. Picha ikitoka nyeusi au karibu nyeusi, endelea. Ikitoka inaonekana, sogea kivulini au mwombe mtu atandaze kanga juu yako, asimguse mdudu tu. Lakini ukifanya hivi nyuma ya mdudu nako kutakuwa kweusi kama usiku, wengine wanapenda, mi sipendi, natafuta pembe ambayo jani jingine liko karibu nyuma yake lishike mwanga.

Difyuza, kile cha kulainisha mwanga wa flashi, usinunue. Chukua dumu jeupe, kata, ndani bandika foili, mdomoni weka tabaka mbili za karatasi ya kuokea au ile foami nyeupe inayofungia TV, na uache nafasi kati ya tabaka na tabaka. Mdomo ufike karibu na ncha ya lenzi. Na flashi za duara zile za kuzunguka lenzi, tafadhali, zinaacha pete nyeupe kwenye macho ya mdudu.

5. Fokasi

Kwa 1:1 na f/11 una kama milimita moja tu iliyo kali. Weka pete ya fokasi kwenye ukubwa unaoutaka, usiiguse tena. Shika kijiti cha mmea kwa mkono wa kushoto, lenzi ilaze juu ya mkono huohuo, kamera na ua vicheze pamoja, kisha yongea mbele taratibu, jicho la mdudu likikaza bonyeza. Usipumue. Piga nyingi, futa nyingi. Wanaomtia mdudu friji atulie sitaki hata kuongea nao.

6. Kurudi

Piga RAW, yani faili ghafi ya kamera, futa madoa ya vumbi kwenye picha, basi. Kamera ikitoka kwenye AC kwenda nje iache ndani ya begi kwanza ipate joto, la sivyo lenzi inajaa maji. Nyumbani ihifadhi kwenye kopo la kufunga vizuri na vipakiti vya silika, maana unyevu wa hapa unaotesha kuvu ndani ya vioo, na fundi wa kuutoa atakutoza karibu bei ya lenzi.